Mhadhara wa Kifo kule Mbweni

Mwalimu Rukaiya alikuwa na ugonjwa wake mmoja, na kwa kuwa mjini hapa kila mtu ana wake, tusimcheke. Walimu wenzake walikusanya vijora, seti za vyombo na umbea. Yeye alikusanya maneno. Tena si maneno ya mapenzi, la hasha. Alikusanya maneno ya Kiingereza ya kifo: yalizaliwa wapi, yalipita mikononi mwa nani, na kabla hayajawa ya kifo yalikuwa na maana gani. Alifundisha Kiingereza sekondari pale Mwananyamala, na wanafunzi wake walimwita Madam Msiba. Alijua, na wala hakuwachapa.

Ugonjwa huo aliambukizwa na mama yake mzazi, Bi Mwanaheri, ambaye Kiingereza chake kilianzia kwenye "gudi moningi" na kikaishia hapo hapo. Bi Mwanaheri alikaanga vitumbua barazani kwake kila jioni. Rukaiya akitoka shule alipitia, akavua viatu, akakalia mbuzi na kumkunia nazi. Siku moja walikuwa wametoka msibani kwa jirani, mama akauliza tu, "Hivi wazungu wao, mtu akifa wanasemaje?" Rukaiya akajibu, kisha akagundua kwamba neno alilolitaja hajui limetoka wapi. Akaenda kulitafuta. Tangu siku ile hiyo ikawa ndiyo salamu yao.

"Haya mwalimu, leo wazungu wamekufaje?"

"Leo tuna 'decease', mama. Hili wamelitoa kwa Walatini. Kwa Walatini lilikuwa kuondoka tu, mtu kwenda zake."

"Kama mtu aliyekwenda sokoni."

"Ndo hivyo. Na 'obituary', lile tangazo la gazetini, mzizi wake ni kutoka kwenda kumlaki mtu. Na 'perish' ni kupita moja kwa moja."

Bi Mwanaheri akageuza vitumbua, akacheka. "Kumbe na wao wanafichaga. Mie nikadhani sie peke yetu ndo wenye kutangulia na kututoka." Rukaiya akamwambia na hilo letu la kufariki tumelichukua kwa Waarabu, nako ni kuachana tu, kama watu wanavyoachana njia panda. Mama akasema hilo alilijua, Qurani si kaisoma.

Wakaenda hivyo miaka. Walizungumza 'cadaver', ambalo mtu akilikuna chini anakuta kuanguka. Walizungumza 'defunct', yaani aliyekwishamaliza kazi aliyopewa, na hilo Bi Mwanaheri alilipenda sana, akalirudia siku nzima kwa matamshi yake mwenyewe. Lakini lililomgusa ni lile la 'mortal' na 'mortuary'. Rukaiya alimweleza kwamba chini ya Kilatini kuna lugha kongwe zaidi, mama wa Kilatini na Kigiriki na Kihindi cha kale na hata Kiingereza chenyewe, na katika lugha hiyo mzizi wa neno ulikuwa ni kusuguliwa, kusagika kidogo kidogo mpaka ukaisha. Hata 'murder', mauaji, limetoka tumbo hilo hilo.

"Na hiyo lugha nani aliyeisikia?"

"Hakuna mama. Haikuandikwa popote. Wataalamu wamewaangalia watoto wake, wakakisia sura ya mama yao."

"Kusuguliwa," akasema Bi Mwanaheri, akijitazama mikono. "Hapo sasa wamesema kweli. Presha huku, sukari huku, zinanisugua hivyo hivyo." Halafu, bila kubadilisha sauti, akamgeukia shoga yake Bi Zuena, aliyekuwa amekaa pale akichambua mchele. Bi Zuena ndiye mwosha maiti wa kike wa mtaa ule, wanawake wote pale wamepita au watapita mikononi mwake. "Zuena, we ni shahidi. Mie siku yangu ikifika, wa kuniosha ni huyu. Wewe umsimamie, lakini mkono uwe wake. Nilimuosha akizaliwa, na yeye anioshe nikitoka."

"Mwosha huoshwa," akajibu Bi Zuena. "Nimesikia."

Rukaiya aliendelea kukuna nazi. Lakini baada ya pale alianza kufuatana na Bi Zuena misibani. Mara ya kwanza alitapika nyuma ya choo. Mara ya pili alishika kata ya maji, akamwaga pale alipoambiwa amwage. Akajifunza wapi panaanzwa, mkono upi, maji ya mkunazi wakati gani na kafuri wakati gani. Hakumwambia mama yake kwamba anajifunza, na mama yake hakumwambia kwamba anajua. Kumwosha mama ndiyo ilikuwa ahadi yake kubwa kuliko zote duniani, na mume wake Talha aliijua, maana Rukaiya mwenyewe alimsimulia akilia.

Sasa huyo Talha. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya, na mimi sitaki mumwone mbaya mapema. Alikuwa mpole, hanywi, hapigi, nguo zake anafua mwenyewe. Alikuwa makamu mkuu wa shule mpya ya binafsi kule Mbweni, na ukuu wa shule aliutamani mpaka usingizini. Mwenye shule, Mzee Theonest, mtu wa Bukoba anayekipenda Kiingereza kuliko wenyewe waliokizaa, alikuwa anafungua ukumbi wa maktaba. Talha alimweleza juu ya mkewe na maneno yake. Mzee akasema, "Mlete. Wazazi waje wasikie kitu cha kisomi." Na akamnong'oneza Talha kwamba siku hiyo hiyo atamtangaza mkuu wa shule mpya. Hakumtajia jina, lakini alimgusa bega.

Rukaiya hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Miaka yote maneno yake alikuwa anamweleza mkaanga vitumbua, na leo watu wazima wenye tai wanataka kumsikiliza. Alhamisi alimpitia mama, akamkuta amechoka, miguu imevimba, lakini anatania. "Kawaambie na mie nimetia mkono," mama alisema. Ijumaa Rukaiya hakwenda, alikuwa anajiandaa. Alimpigia simu tu.

Jumamosi alfajiri, nyumbani kwao Kinondoni, Talha alitoka msikitini akakaa nje kwenye tangi la maji, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Aliporudi ndani uso ulikuwa na maji.

"Nani?" Rukaiya akauliza, huku akipiga nguo pasi.

"Watu wa viti."

"Ngoja nimpigie mama aniombee dua."

"Mwache, kalala vibaya usiku, Mbwana kaniambia. Utamwamsha." Mbwana ni mdogo wake Rukaiya, aliyeishi na mama. "Tena nipe simu yako, mie nitakurekodi nayo. Yangu kamera imekufa."

Akampa. Kwani mtu humpaje simu mumewe, kwa mashahidi wawili? Alimpa, akafunga mtandio, akamuuliza kama umekaa sawa, na Talha akamwambia umekaa sawa. Akaurekebisha hata pindo la nyuma kwa mkono wake.

Kule Mbweni ukumbi ulijaa. Rukaiya alianza kwa woga, akasema neno la kwanza, la pili, kisha akasahau kwamba anatazamwa. Aliwapeleka 'decease' mpaka Roma na kuwarudisha. Aliwaonyesha jinsi 'die' lilivyoletwa Uingereza na watu wa kaskazini waliokuja na majahazi, na jinsi wengine wanavyodhani 'funeral' ni ndugu yake wa mbali. Aliwaambia juu ya ule mzizi wa kusuguliwa, na akasema, "Hili kuna mtu mmoja Mwananyamala aliniambia ndilo neno la kweli kuliko yote," na watu wakacheka wakidhani ni utani. Katikati ya maelezo alimwona Talha katoka nje na simu sikioni, akarudi, akakaa tena mstari wa mbele. Alimwinulia kidole gumba.

Mzee Theonest alifurahi mpaka akavua miwani. "Makamu," akasema kwa sauti, "hebu muulize mkeo swali, tusikie mume na mke wasomi."

Talha akasimama. "Mwalimu," akasema, "mbona hawa wote wanakwepa? Mlatini anasema kaondoka, Mwarabu anasema wameachana. Kwa nini wasiseme tu mtu kafa?"

Swali zuri, Rukaiya aliwaza, na moyo ukamjaa mapenzi. "Tunasema tunamhurumia mfiwa," akajibu. "Mimi naona mara nyingi anayekwepa anajihurumia yeye mwenyewe, kwamba yeye ndiye atakayetoa hiyo habari."

Wakapiga makofi. Talha naye akapiga. Baadaye Mzee Theonest akapanda, akashukuru, akasema maneno mengi ya Kiingereza kirefu, kisha akamwita Talha jukwaani na kumtangaza mkuu wa shule. Rukaiya alipiga kigelegele kile cha kwao Mwananyamala, kirefu, mpaka akina mama wa Mbweni wakageuka kumtazama. Hakuona haya. Jua lilikuwa la adhuhuri, na mama yake alikuwa anashushwa kaburini.

Chakula kilikuwa pilau ya ng'ombe. Talha hakuigusa. Rukaiya alidhani ni furaha. Aliomba afungiwe sahani ya mama, nyama laini, isiwe na mafuta mengi kwa sababu ya presha. Kwenye gari Talha akasema, "Tupitie kwa mama kidogo," naye akacheka, akasema ndiko alikotaka kwenda, ana habari za kumpa mpaka usiku. Njia nzima aliongea yeye peke yake.

Walipoingia uchochoro wa nyumbani aliona turubai. Aliona mikeka na viatu vingi mlangoni. Aliona wanaume wanarudi kwa mafungu, kanzu zina vumbi la udongo mwekundu magotini, na mmoja wao ni Mbwana.

"Ruki," Talha akasema, bado kashika usukani. "Mama katangulia."

Alishuka na ile sahani mkononi. Hakujua kwamba anayo. Aliingia mpaka ndani, mpaka chumba cha mama, akakuta kitanda kimetolewa na sakafu imeoshwa, bado mbichi, inanuka kafuri. Bi Zuena alikuwa amekaa kwenye mkeka na mikono yake mapajani. Rukaiya akaitazama ile mikono na akajua. Alilia mpaka akawa hana sauti. Na alipokuwa analia, alisikia mwanamke mmoja upande wa mlangoni akimwambia mwenzake, "Muone anavyolia, utadhani ndo kwanza anasikia." Mwingine akajibu, "Na kaja na pilau ya sherehe."

Hakuelewa. Alikuwa kwenye maji mengi, hakuwa na nafasi ya kuelewa. Usiku Talha aliitwa mlangoni, akamwambia Rukaiya habari ilimkuta wakati mkewe yuko jukwaani, katikati ya maneno, angefanyaje, angemvuta mbele za watu? Na mazishi yalikuwa yameshapangwa, wazee walikwisha kuamua. Rukaiya akaitikia kwa kichwa. Kwetu ndivyo ilivyo. Mfiwa haambiwi njiani, haambiwi kwa simu. Habari anapewa mume, au kaka, au rafiki mwenye moyo mgumu, naye anakuleta kwa uongo mdogo mdogo wa mgonjwa kazidiwa kidogo, mpaka ufike penye mikono ya kukushika. Rukaiya mwenyewe alishawaleta wengi hivyo. Kwa hiyo alimsamehe Talha hapo hapo, na akabaki kujichukia mwenyewe kwa kutokwenda Ijumaa.

Lakini msibani kulikuwa na baridi. Sijui niiteje. Waliingia watu, wakampa pole Mbwana, wakampa pole Mjomba Marijani, kaka yake marehemu, wakampa pole hata Talha na kumsifu kwamba ana moyo, wakwe siku hizi hawako hivyo. Wakifika kwa Rukaiya mkono unagusa na kuondoka. Mbwana alimpa chai bila kumtazama. Jirani mmoja aliweka simu chini haraka alipopita, na Rukaiya akaiona picha: yeye mwenyewe, kwenye ukumbi wa Mbweni, mdomo wazi. Talha alikuwa ameiweka kwenye statasi yake Jumamosi ile ile asubuhi, na chini yake ameandika kwamba anajivunia mke.

Alimuuliza Bi Zuena jinsi mama alivyokuwa. Uso ulikuwaje, mdomo ulifungwa, ile alama ya kuungua mafuta ya vitumbua mkononi ilikuwepo. Bi Zuena akatikisa kichwa.

"Ya maiti hayasimuliwi, mwanangu. Unajua wewe, nilikufundisha. Alikuwa na nuru, basi. Mengine yamebaki kwangu, na mimi nikioshwa yatakwenda na maji."

Hapo ndipo Rukaiya alipojua hasa alichokosa. Si mazishi, wanawake hatwendi makaburini. Alikuwa amekosa ile saa moja ya mwisho ambayo mama yake ni wa kwake peke yake, na saa ile hakuna atakayemwelezea mpaka Kiyama.

Siku ya tatu kisomo kilisomwa, watu wakala, turubai likaanza kushushwa. Bi Zuena alikuwa anakunja kanga zake aondoke. Alisita mlangoni, halafu akarudi, akakaa. Alikuwa mama mwenye hasira za polepole, na hizi alikuwa amezikalia tangu Jumamosi.

"Mwanangu, mie siondoki na kitu moyoni. Nilichukia. Mwanaheri alikuachia wasia mbele yangu, nami siku ile niligoma kushika maji. Nikasema maiti haioshwi mpaka aje mwanawe, hata kama ni alasiri. Alasiri si mbali, maiti za watu zinangoja ndugu kutoka Tanga. Nikaambiwa umeridhia niendelee. Nikaendelea, lakini nilichukia. Mtu kwa ajili ya kuhutubia."

"Nimeridhia?" Rukaiya akasema. "Nani kasema nimeridhia?"

Bi Zuena akamtazama usoni, akamtazama vizuri, na mikono yake ikaacha kukunja. "Mbwana," akaita. "Njoo hapa."

Mbwana alikuja na kamba za turubai mabegani. Alisema yote bila kuzunguka, maana naye alikuwa amejaa. Alimpigia shemeji alfajiri, mama alipokata roho. Shemeji akasema mwachie yeye, atamleta dada. Hawakutokea. Saa nne akapiga tena, kwamba Bi Zuena anagoma, anataka wasia wa mama utimizwe. "Akanambia ameshakwambia. Akasema umelia, umejikaza, umesema huna nguvu ya kumuosha mama, Bi Zuena aoshe, na tusikungoje, tuzike adhuhuri. Akasema una wageni, utakuja ukimaliza. Nikakupigia kwenye simu yako, akapokea yeye. Dada, mie nikasema wewe si dada yangu tena."

Rukaiya aliinuka. Hakulia. Kilio kilikuwa kimegeuka kitu kingine, kigumu, kimekaa hapa kifuani. Kumbe ile baridi yote ilikuwa na mwenyewe. Kumbe watu walikuwa wanampa mkono binti aliyemkataa mama yake kwa ajili ya kipaza sauti.

Talha alikuwa sebuleni na Mjomba Marijani, kavaa vizuri, amekuja kumchukua mkewe kama inavyotakiwa tanga likianuliwa. Rukaiya akaingia, Bi Zuena na Mbwana nyuma yake. Akabaki amesimama.

"Ulijua saa ngapi?"

"Ruki, nilishakwambia, ulikuwa jukwaani..."

"Mbwana huyu hapa."

Talha akamtazama Mbwana, kisha akatazama mkeka. "Alfajiri," akasema.

Mjomba Marijani akakohoa. "Rukaiya, mwanangu, mumeo alifanya kwa nia njema. Ndiyo desturi yetu, mfiwa hapewi habari kavu."

"Sikatai, mjomba. Desturi inasema nifichwe mpaka niletwe. Haisemi nisiletwe. Na haisemi mtu aende akaseme kwa mdomo wangu kwamba simtaki mama yangu." Alimgeukia Talha. "Ile asubuhi ulinirekebisha mtandio. Ulijua. Uliuliza swali mbele za watu. Ulijua. Nimekupigia kigelegele, Talha. Wakati ule ule."

"Nilitaka kukwambia ukimaliza," Talha akasema, na machozi yalikuwa ya kweli, siwezi kumsingizia. "Wallahi nilitaka. Walipopiga saa nne, nikasema nikikutoa katikati ukumbi utavunjika, mzee atasema nini, watu wote wale. Nikaona, mama keshakwenda, harudi. Akioshwa na Bi Zuena au na wewe, kwa Mungu ni yale yale. Ukamaliza, mzee akasimama akaniita jina. Sikuweza. Nimeingoja siku ile maisha yangu yote."

"Na mimi?"

Talha akarudi kutazama mkeka.

"Mimi nilikuwa naingoja ipi?"

Mjomba Marijani alianza kusema kitu juu ya subira, akaacha mwenyewe. Nje vijana walikuwa wanaangusha nguzo za turubai.

"Sasa wewe ungekuwa mimi," Talha akasema, "ungefanyaje? Nambie. Ungeanzaje kunambia?"

"Ningekwambia, 'Talha, mama yako amekufa. Vaa, twende.'"

Bi Zuena akafumba macho. Neno lile la kufa kwetu ni la kuku na mbuzi, mtu halitupi hivyo juu ya mzazi, tena ndani ya nyumba yake, tanga halijapoa. Siku tatu zote hakuna aliyelitamka. Mjomba akasema, "Rukaiya," kwa sauti ndogo, ya kumwonya, na Rukaiya hakumtazama. Alikuwa amelisema mara moja, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi aliamini kwamba ni kweli.

Talha alijifuta uso kwa kiganja. Pengine alidhani la mwisho limeshasemwa na sasa kilichobaki ni kuondoka. "Basi twende nyumbani, tuyamalize wenyewe," akasema. "Alhamisi nakabidhiwa shule. Mzee anakuja na familia yake, wazazi watakuwepo, wote wanataka kukuona. Nikienda peke yangu, Ruki, niwaambie nini?"

Rukaiya alikaa chini kwenye mkeka wa mama yake, akakunja miguu.

"Waambie lolote," akasema. "Si unajua kunisemea."